Maji ya Pipa na Maji ya Nyungu

Vijana wa karakana mmeniomba niandike mambo ya sola kabla sijayasahau. Sijasahau kitu. Ninachosahau ni majina yenu tu. Hiyo sola mnayoijua nyinyi mliikuta tayari imo kwenye boksi, imefungwa kwa karatasi laini kama vikombe vya harusi. Mnapanda juu ya zahanati, mnaikaza kwa nati, mnaunganisha waya, friji ya chanjo inanguruma, mnashuka kunywa chai. Sawa. Lakini jua nililoanza nalo mimi halikutoa umeme hata wa kumulika mende. Lilitoa maji ya moto.

Tofauti hiyo muishike. Paneli inataka mwanga, haitaki joto. Ikipata joto sana umeme hupungua, ndiyo maana nimewagombeza kila mlipoilaza juu ya bati bila kuacha nafasi ya upepo kupita chini yake. Sisi tulilitaka joto lenyewe, tukalifungia ndani lisitoke. Jua ni hilo hilo moja, kazi ni mbili, na nimewaona mafundi wenye vyeti wakizichanganya.

Nilifika Garsen mwishoni mwa miaka ya hamsini, kijana wa Kaloleni mwenye cheti cha ufundi bomba na viatu vilivyonibana. Lori lilitufikisha kivukoni, tukavuka, nikaelekezwa zahanati, nyumba ya mawe yenye vyumba viwili na banda la wagonjwa la udongo, juu ya kinyanyuko upande wa Minjila. Niliambiwa nijitambulishe kwa fundi Athmani. Nilimkuta amechuchumaa kivulini, anatia lehemu birika lililotoboka, na hakuinua kichwa mpaka tundu lilipozibika.

Athmani alikuwa mtu wa Kipini, fundi bati tangu ujana wake. Alitengeneza kandili, mirija, vibuyu vya mafuta, chochote kinachokunjika. Siku ile ya kwanza hakuuliza cheti. Alinipa kipande cha bati kilichopinda akaniambia nikinyooshe bila nyundo. Nilikinyoosha kwa goti, na goti hilo bado linaniuma wakati wa masika. Alikiangalia, akakipinda tena, akasema, "Rudia. Bati lataka bembelezwa."

Kazi iliyonileta huko ilikuwa ya Bwana Afya, Mzungu aliyepita na mchoro mkononi. Zahanati ilikuwa inamaliza kuni nyingi kuchemsha maji ya kufulia mashuka na kuoshea vyombo. Yeye alitaka jua lifanye kazi hiyo. Mchoro ulionyesha sanduku la mbao, ndani yake pipa la chuma limelazwa ubavu, juu yake kioo. Akatuachia vioo vya dirisha na mabati mapya, akaenda zake.

Tulijenga sanduku lenye kuta mbili, na katikati ya kuta tukashindilia pumba za mpunga, maana mpunga ndio uliojaa mashamba ya kandokando ya mto na pumba hakuna aliyezitaka. Pipa tulilipaka masizi yaliyochanganywa na mafuta. Rangi nyeusi hula jua, nyeupe hulirudisha, hilo hata mbuzi anayetafuta kivuli analijua. Kioo kikishafunikwa juu, jua huingia kama mgeni, halafu joto lake likakataa kutoka kama shemeji aliyesema anakuja kwa siku mbili. Kioo cha kwanza nilikibana kwa misumari pande zote, na mchana kikapasuka. Athmani alinicheka mpaka akakaa chini. "Kioo nacho chapumua," akasema. "Kiatie nafasi." Cha pili tulikikalisha juu ya lami laini kikadumu.

Maji baridi yaliingia kwa chini, ya moto yakatoka kwa juu, kwenye mfereji, bomba la koki, niliouunga mwenyewe. Ukifika mchana, mfereji ule ulikuwa hauguswi. Alasiri tulifunika kioo kwa mikeka ili joto lisirudi mbinguni, na asubuhi maji yalikuwa bado na uvuguvugu. Nilijiona bingwa. Jambo moja tu liliniudhi. Mzee Athmani, aliyejenga na mimi, hakuyatumia maji yale hata siku moja. Kwa kuoga na kutawadha alishuka mtoni na kopo lake. Nilidhani ni kiburi cha uzee, nikamwacha.

Kisha mto ukajaa. Asiyekaa Tana hudhani mafuriko huja na mawingu. Kule mvua hunyesha mbali, milimani, na nyinyi mko chini ya mbingu safi, jua linawaka, mnaangalia maji yakipanda kimya kimya mpaka kwenye mahindi. Yalichukua mashamba, yakachukua njia ya lori, na yakachukua rundo letu lote la kuni. Zahanati ikawa kisiwa. Watu wakaja kwa mitumbwi, Wapokomo na Waorma, na mikeka na kuku na ndama wawili watatu, wakalala popote palipokauka.

Mafuta ya taa yakaisha na lori la kuleta mengine halikuwa na pa kupita. Kuni zilizookotwa majini zilitoa moshi wa kufukuza nyuki, moto hapana. Benchi la wagonjwa tulilichoma. Mlango wa choo tukauchoma pia, ukatupikia uji. Dresa wetu, mfunga vidonda na mgawa dawa, Buya, mtu wa huko chini Ngao, aliiangalia meza yake ya dawa kila jioni kwa jicho la kuiaga.

Hapo ndipo Dhahabo alipojifungua. Alikuwa mwanamke wa Kiorma, kijana, aliyeletwa na mamake kwa mtumbwi kutoka ng'ambo ya mto. Mimba ilikuwa haijatimia. Alitokwa na damu nyingi, akawa anatetemeka chini ya mablanketi yote tuliyokuwa nayo, mwili wake hauna joto la kumpa mtu. Mtoto alikuwa msichana, mkono wake mwembamba kuliko kidole changu cha shahada. Usiku wa kwanza bibi yake, Mama Hawo, alimweka kifuani hadi asubuhi. Palipokucha miguu ya mtoto ilikuwa na rangi ya zambarau.

Buya alinivuta nje. "Mchana atahimili, hewa ina moto," alisema. "Lakini upepo wa usiku ukipita juu ya maji yote haya, kifua cha bibi hakitatosha. Usiku mwingine kama wa jana hauvuki. Nataka chupa za maji ya moto, nizifunge vitambaa, nimzungushie. Na nizibadilishe mpaka alfajiri. Pipa lako lina maji?"

"Limejaa," nikasema, na najua nilitabasamu.

Nilijaza chupa za dawa, nikazikaza vizibo, nikaingia nazo bandani. Mama Hawo alikuwa ameketi mkekani, mtoto ndani ya nguo zake. Alizitazama chupa, kisha akatazama nje mlangoni, kule sanduku letu lilikokuwa linang'aa.

"Hii maji napata moto wapi?" akauliza.

"Kwa jua, mama. Pipa lile pale."

Akavuta nguo juu ya mtoto. "Hapana."

"Hapana nini, mama?"

"Maji ya jua, kwa chuma. Naleta mbalanga. Mimi nakataa."

Buya alimweleza kwa upole kwamba maji hayatamgusa mtoto, yamo ndani ya chupa. "Chupa navuja," akajibu. Na kweli, moja ilikuwa inanichuruzikia kwenye shati, na kila mtu bandani aliiona. Buya akasema ugonjwa ule hauletwi na maji, yeye amesomea. Mama Hawo akamtazama kama mtu anayetazama ndama asiyejua njia ya zizini.

"Dada yangu nakoga maji ya debe, naacha kwa jua," alisema. "Mwili yake nageuka mweupe. Hapa, hapa, hapa. Bwana yake naacha yeye. Watu nakataa kula chakula yake. Huyu ni msichana. Wewe nataka yeye naishi aje?"

"Ataishi aje?" Buya akapaza sauti. "Kwanza aishi!"

Wanawake waliokuwa bandani wakaanza kunong'ona, na mmoja akakusanya watoto wake akawasogeza mbali na chupa zangu. Tulitoka nje. Buya alikuwa anatweta kwa hasira. "Nenda nyuma ya jiko," aliniambia. "Kaa kidogo, halafu uzilete tena. Tutasema tumechemsha kwa kuni za mlango." Sikuona ubaya wake. Nilikuwa tayari nimegeuka.

"Mutamwambia urongo?" Ilikuwa sauti ya Athmani. Alikuwa ameketi ukutani akiziba mtumbwi kwa lami, na alikuwa amesikia yote. "Mutu ukimwambia urongo katika dini yake, kesho hatokunywa dawa yako hata ikiwa asali."

"Kwa hiyo na wewe unaamini?" Buya akamgeukia.

"Mbalanga sijui, hiyo ni yako wewe dresa. La kitabu cha dini ndilo nilosomeshwa chuoni tangu mdogo. Mai yaliyopashwa na yua ndani ya chombo cha kufuliwa kwa nyundo, chuma, shaba, bati, katika nti ya moto kama hii yetu, kuyatia mwilini ni makuruhu. Si haramu. Makuruhu, bora kuepukwa. Mwenye dharura ana ruhusa, lakini ruhusa hiyo huichukua mwenyewe, hatiwi kwa nguvu."

Damu ilinipanda kichwani. "Mzee, tumejenga kitu hiki pamoja! Mbona hukusema?"

"Uliniuliza? Bwana Afya alitaka mai ya kufulia mashuka. Mashuka hayapati mbalanga." Akafuta mikono kwa tambara. "Na nyungu ya udongo haimo katika hukumu hiyo."

Tukaligeukia sanduku wote watatu. Sijui nani aliona kwanza. Nyungu tulikuwa nazo, vyungu vya udongo vya kupikia walivyokuja navyo akina mama kwenye mitumbwi, vyeusi tii kwa masizi ya miaka. Sanduku lilikuwa la mbao na kioo. Cha chuma ndani yake kilikuwa pipa peke yake.

Athmani aliingia bandani, akaketi mbali kidogo na Mama Hawo kama inavyopasa, akamweleza. Alizungumza polepole, akirudia. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia.

"Mzee. Wewe nakoga na maji ya hii pipa?"

Banda zima likamtazama yeye. Nilimwona Buya akifumba macho. Mzee akisema ndiyo, yamkini pipa lingekubaliwa pale pale na tusingepoteza hata kibaba cha maji. Akisema hapana, pipa lile limezikwa siku ile mbele ya watu wa vijiji vyote.

"Siyapata kuoga nayo, mama," Athmani akasema. "Wala kutawadha."

Buya akashika kichwa.

"Lakini mai ya nyungu, yakipashwa na yua hilo hilo, nitaoga mbele yako. Na uyatie mkono wewe kwanza."

Mama Hawo alimtazama mtoto. "Kwanza mimi naona," akasema.

Sasa nisomeni vizuri, nyinyi mnaolalamika betri ikichelewa kujaa. Ilibidi nifungue mfereji na kuyamwaga maji yote, moto kamili, ili pipa liwe jepesi kutoka. Mtoto anapoa bandani na mimi namwaga maji ya moto chini. Wanawake walikuja mbio na mashuka wakayafulia palepale, na hata hivyo sikuweza kuangalia. Tulipong'oa pipa, jua lilikuwa limeshapita utosini. Udongo ni mnene, haushiki moto haraka kama chuma. Kama nyungu zisingepata joto kabla ya magharibi, tungekuwa tumempokonya mtoto yule maji aliyokuwa nayo na kumwachia sanduku tupu.

Nilitaka kutumia nyungu kubwa moja. Athmani akakataa, akachagua ndogo ndogo, tukazijaza nusu nusu, tukazifunika vigae, tukarudisha kioo. Kisha nikakumbuka mabati mapya ya Bwana Afya, yaliyobaki, bado yanang'aa kama kioo cha kunyolea. Nililisimamisha moja nyuma ya sanduku likarusha mwanga ndani. Nikaleta la pili upande wa kulia, la tatu kushoto. Mama Hawo alikuwa amesimama mlangoni.

"Bati tena?" akasema.

"Bati halitagusa maji, mama. Linayasukumia jua tu."

Akatikisa kichwa, lakini hakurudi ndani. Bati halisimami lenyewe na jua halikai mahali pamoja, kwa hiyo jamaa za wagonjwa waliyashika kwa mikono, wakiyageuza kidogo kidogo kadiri jua lilivyoshuka. Mwanamume mmoja wa Kiorma, ambaye sijui hata kama alijua tunafanya nini, alishika la kwake bila kupumzika mpaka jasho likamtoka puani, na kila aliyemjia kumpokea alimfukuza. Ndani, wanawake walipokezana mtoto vifuani mwao. Buya alitoka mara kwa mara, akatazama sanduku, akatazama jua, akarudi ndani. Mara moja alisema tu, "Miguu imeanza tena kugeuka rangi."

Athmani aliinua kioo, akatia kiwiko katika nyungu. "Bado."

Upepo wa majini ukaanza. Upande wa Kilelengwani kukatokea wingu, jeupe, dogo, la kipuuzi, siku zote zile hatukuwa tumeona wingu, nalo likaja likasimama juu ya jua letu. Mwanga juu ya bati ukazimika. Niliogopa vibaya, nakwambieni, niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa juu ya paa lolote. Nilianza kumwomba Athmani tuzitoe nyungu hivyo hivyo zilivyo. "Bado," akasema tena. Aliyashika mashavu yake kwa mikono miwili kama mtu anayeumwa jino.

Wingu likapita. Mabati yakawaka tena, rangi ya machungwa sasa, maana jua lilikuwa chini. Tulingoja. Akatia kiwiko, akakitoa haraka.

"Mama," akaita. "Kuya uone."

Mama Hawo alikuja mtoto akiwa kifuani. Alichovya kidole katika nyungu, akakirudisha upesi, akakipuliza. Athmani akajimiminia ndani ya kopo la udongo, akapoza kwa maji kidogo ya mtungini, akanawa mikono, akasukutua, akaosha uso, akatawadha mpaka miguuni, taratibu, hatua zote, kisha akajimwagia yaliyobaki kichwani, kanzu ikalowa. Akakaa hivyo anachuruzika mbele yake. Alikuwa mzee wa heshima zake na hajawahi kuoga mbele ya watu.

"Sawa," Mama Hawo akasema. "Leta chupa yako."

Usiku huo siwezi kuusimulia kwa mpango, maana sikuuona kwa mpango. Tulifunika sanduku kwa mikeka na juu yake magunia ya pumba, tukatoa nyungu moja moja kwa zamu, na Buya akabadilisha chupa hadi macho yakamwiva. Chupa mbili zilivuja, na Mama Hawo alizikausha kwa upindo wa nguo yake bila kunung'unika. Dhahabo aliacha kutetemeka. Mtoto alikuwa kimya mno. Kila nilipoingia nilimtazama Buya kwanza, si mtoto, kwa kuogopa nitakachokiona.

Kulipoanza kupambazuka nilileta nyungu ya mwisho, yenye uvuguvugu bado. Buya akanyoosha mkono na chupa. Mama Hawo akausogeza mkono wake kando. Alikuwa amemfungua mtoto, na mtoto alikuwa amejichafua, choo cheusi cha kwanza, hadi mapajani.

"Usimwoshe, mama, atapoa," Buya akasema, akainuka kumzuia. Athmani alimshika kanzu kwa nyuma, akamketisha.

Mama Hawo alikinga kiganja ndani ya nyungu. Kisha akayamimina maji yale juu ya ngozi ya mjukuu wake, kwenye mapaja, kwenye ile miguu, na mtoto akakunja uso, akafungua kinywa, akalia kwa sauti ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuwa anayo. Dhahabo akageuza kichwa mkekani. Watu wakaamka nje. Mimi nililia, na sikumficha mtu.

Mto uliposhuka waliondoka kwa mtumbwi wote watatu, wazima. Lakini mimi nikiwakumbuka huwaona pale pale mkekani, asubuhi ile, yule mama akiwa ameinama, anamsugua mtoto anayepiga kelele, wala hatuangalii.

"Hii maji nzuri," alisema. "Ongeza."